Foleni Isiyopoteza Kazi: Kutoka Simu za Copenhagen Hadi Kwenye Wingu

Ndugu zetu vijana, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, safari hii tunaongelea historia ya foleni. Foleni ya mgao mnaijua wote. Hii ya leo iko ndani ya kompyuta: programu moja inaweka kazi, halafu kompyuta nyingine, pengine iko bara lingine kabisa, inaichukua na kuifanya. Wenzetu wanaojifunza koding watakutana nayo mapema. Na wasiojifunza pia inawahusu, maana nani kati yetu hajawahi kuambiwa, "Jina lako haliko kwenye mfumo"?

Tuanze bombani. Pale mtu hasimami mchana kutwa. Anaweka jerikeni yake mstarini, anaenda kupika au kusoma, anarudi zamu ikikaribia. Jerikeni inamshikia nafasi. Foleni ya kazi inafanya hivyo hivyo: programu inaweka kazi yake pale, inaendelea na mambo mengine bila kusubiri.

Anayehesabiwa kuwa baba wa hesabu za foleni ni Mdenmark, Agner Krarup Erlang. Mwaka 1908 aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka 1909 akachapisha maandishi yake ya kwanza juu ya simu na hesabu za bahati. Shida yake ilikuwa hii: wapigaji ni wengi, wanapiga bila mpango, na laini ni chache. Hakukaa kuuliza kwa nini watu wanapiga sana. Aliuliza laini ngapi zinatosha ili watu wasikose huduma kupita kiasi. Swali hilo tunalipenda sana. Watu wakija kwa kasi kuliko wanavyohudumiwa, foleni itarefuka tu, hata wakisimama kwa nidhamu kama askari. Dawa ni kuongeza wahudumu au kupunguza muda anaochukua kila mtu.

Miaka ya 1950 foleni ikaingia kwenye kompyuta. Wakati huo kompyuta moja ilijaza chumba na bei yake ilikuwa ya kutisha. Programu ziliandikwa kwa kadi za karatasi zenye matundu, na mtu alizipakia kazi moja baada ya nyingine. Akichelewa, mashine inakaa bure. Mwaka 1956 watu wa General Motors na North American Aviation walitengeneza mfumo wa kompyuta ya IBM 704 ambao ulimaliza kazi moja na kuchukua inayofuata wenyewe. Hapo lengo lilikuwa mashine isikae bure. Anayesubiri alikuwa binadamu: unaacha kadi zako, unarudi baadaye kuulizia majibu.

Baadaye likaja swali lingine: je, huyu wa kupokea kazi akiwa hayupo? Jibu lake liko mfukoni mwako. Ujumbe wa kwanza wa SMS ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Simu yako ikizimika kwa kukosa chaji, ujumbe haupotei hapo hapo. Unawekwa kwenye kituo cha mtandao wa simu, ukiwasha tu unaingia. Mwaka 1993 IBM nayo ikatoa programu iitwayo MQSeries, iliyoruhusu kompyuta za taasisi kubwa kama mabenki kuachiana ujumbe kwa njia kama hiyo: upande wa pili ukiwa umelala, ujumbe unasubiri.

Lakini hiyo ilikuwa ya wenye pesa. Ilibidi uwe na seva zako, umeme wako na mafundi wako. Mwisho wa mwaka 2004 Amazon ilianza kuonyesha foleni yake, na Julai 2006 ikaifungua rasmi kwa jina la SQS. Sasa foleni ikawa kwenye wingu. Wingu ni jina tu, jamani: ni kompyuta za kampuni zilizoko kwenye majengo makubwa, unazikodi kupitia intaneti. Mwaka 2007 ikaja RabbitMQ, iliyoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Erlang, jina la yule Mdenmark wetu. Mwaka 2009 zikafuata Celery kwa wanaoandika Python na Resque kwa wanaoandika Ruby.

Sasa tuone kazi inavyoingizwa kwa msimbo. Kwenye SQS amri kubwa ni tatu: SendMessage, ReceiveMessage na DeleteMessage. Programu yako inataja anwani ya foleni, inaandika kazi kama maandishi mafupi, kwa mfano "tuma ujumbe kwa kaya namba 12", halafu inaita SendMessage. Foleni ikishapokea, inajibu na namba ya ujumbe huo. Namba hiyo ichukue kama risiti. Kabla hujaipata, usimwambie mtu kwamba fomu yake imeingia.

Upande wa pili kuna programu mfanyakazi. Inaita ReceiveMessage, inapewa kazi. Hapa ndipo pazuri: kazi haifutwi. Inafichwa tu, kwa kawaida sekunde 30, ili wengine wasiichukue. Mfanyakazi akimaliza ndipo anaita DeleteMessage. Umeme ukikatika katikati, muda unaisha, kazi inaonekana tena, mwingine anaichukua. Kwa hiyo kufuta kabla ya kumaliza ni kosa kubwa, hata kama msimbo unaonekana safi.

Ila kuna bei yake. Foleni ya kawaida inaahidi kazi itafika angalau mara moja, maana yake siku nyingine itafika mara mbili. Ukiandika "ongeza kilo 10 kwenye kadi hii", ikirudiwa zinakuwa 20 na ghala halitalingana. Ukiandika "mgao wa Machi wa kadi hii ni kilo 10", hata ikirudiwa mara tano zinabaki 10. Mwaka 2016 Amazon iliongeza foleni ya aina ya FIFO, inayolinda mpangilio na kukataa ujumbe uliorudiwa ndani ya dakika 5. Wewe uliyebonyeza tena kesho yake kwa sababu mtandao ulikuwa mbovu, hiyo haikusaidii. Msimbo wenyewe lazima uwe makini.

Tena kazi haikai milele. SQS inaitunza siku 4 usipobadilisha kitu, na mwisho kabisa siku 14. Wafanyakazi wakizimwa zaidi ya hapo, kazi inafutika kimya kimya. Na ile inayojaribiwa mara nyingi ikishindikana, unaweza kupanga iwekwe pembeni kwenye foleni ya zilizoshindikana. Haipotei mara moja, lakini nayo ina siku zake, na mashine haitaitatua. Inamngoja mtu.

Basi turudi kwa yule aliyeambiwa haonekani kwenye mfumo. Hatusemi kila mara kosa ni foleni. Mara nyingine ni jina limeandikwa vibaya, mara nyingine ni uamuzi wa mtu. Lakini historia hii imetupa maswali manne ya kuuliza kwa heshima. Je, kazi ilipata risiti ilipoingizwa? Je, ilifutwa kabla haijamalizika? Je, ilikaa mpaka siku zake zikaisha? Je, ilishindikana ikawekwa pembeni? "Mfumo umekataa" siyo jibu, sababu kila moja ya hayo manne yana mtu aliyeyapanga, na anaweza kuyaangalia.

Kwa wenzetu wa mashirika, mkiagiza mfumo mpya wa kusajili watu, ulizeni hayo manne kabla ya kuuliza rangi za vitufe. Na sisi tunaojifunza msimbo, wengine tutakuja kuandika mifumo kama hii, pengine kwa ajili ya kambi kama hizi. Tukiingiza kazi kwenye foleni tukumbuke kwamba kila mstari ni kaya yenye watoto. Na kabla ya kuita SendMessage ya kwanza, tukubaliane kitu kimoja na kukiandika: nani atafungua foleni ya zilizoshindikana, na siku gani ya wiki.