Fazaa ya Ghafla na Moyo

Fazaa ya ghafla ni hofu kuu imshikayo mtu pasipo hatari ya dhahiri, moyo ukamwenda mbio, kifua kikambana na vidole vikafa ganzi, hata akadhani mauti yamewadia; aghalabu hufika kileleni katika dakika 10, kisha hutulia. Mwaka 1871 tabibu Jacob Mendes Da Costa alieleza dalili kama hizo kwa askari wa Marekani. Aliyeonja gharika ya Mto Mkondoa, Kilosa, mwishoni mwa 2009, aweza kushikwa na fazaa hiyo asikiapo mvua ikipiga bati usiku. Lakini kwa kuwa maradhi ya moyo huleta dalili zizo hizo, abiria aumwaye kifua njiani Mikumi hana budi kuwahishwa hospitali, apimwe moyo kwanza, kabla ya kuambiwa ni hofu.