Kutoka DYNAMO hadi Vensim: Historia ya Mbinu za Kupima Uaminifu wa Modeli za Mienendo ya Mifumo, 1958–2015

1.0 Utangulizi

Historia ya programu za uigaji wa mienendo ya mifumo huelezwa mara nyingi kama historia ya mashine. Kompyuta zilizojaza vyumba zilipisha kompyuta za mezani, na milinganyo iliyotobolewa kwenye kadi ikapisha michoro ya kwenye skrini. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajibu swali moja la msingi: kwa nini mtumiaji mahiri wa programu hizi hutumia muda mrefu zaidi kuijaribu modeli kuliko kuijenga? Makala hii inajenga hoja kwamba mbinu za juu za matumizi ya programu hizo, yaani uteuzi wa hatua ya muda, upimaji wa unyeti, ukaguzi wa vipimo na ulinganishaji wa modeli na takwimu, zilitokana zaidi na mabishano kuhusu uaminifu wa matokeo kuliko na ongezeko la nguvu za kompyuta. Hoja hiyo ina uzito kwa kuwa modeli za aina hii zimetumika kushauri viwanda, miji na serikali. Pale modeli inapokosea, gharama ya kosa hubebwa na watu ambao hawakuijenga.

2.0 Chimbuko: Penseli Kabla ya Kompyuta

Jay Forrester, mhandisi wa umeme aliyeongoza ujenzi wa kompyuta ya Whirlwind katika chuo cha MIT, alihamia shule ya uongozi wa biashara ya chuo hicho mwaka 1956. Mameneja wa kampuni ya General Electric walimweleza tatizo la viwanda vyao vya vifaa vya nyumbani huko Kentucky: ajira ilipanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka michache, na mabadiliko ya soko pekee hayakutosha kuueleza mzunguko huo. Forrester alichukua karatasi na penseli, akaandika safu za bidhaa zilizopo ghalani, wafanyakazi na maagizo, kisha akakokotoa wiki baada ya wiki kwa kufuata kanuni ambazo mameneja wenyewe walizitumia kuajiri na kuagiza. Matokeo yalionyesha kwamba hata maagizo ya wateja yakichukuliwa kuwa thabiti, ajira ingeyumba. Chanzo cha msukosuko kilikuwa ndani ya mfumo wenyewe.

Jedwali hilo lilikuwa na viungo vyote vya taaluma iliyofuata. Mlimbiko ni kiasi kilichopo kwa wakati fulani, kama bidhaa za ghalani. Mtiririko ni kiasi kinachoingia au kutoka kwa kila kipindi. Mrejesho ni njia ambayo hali ya mlimbiko huathiri maamuzi yanayoubadilisha mlimbiko huohuo. Kazi ya kukokotoa kwa mkono ilichosha, hivyo mwaka 1958 Richard Bennett aliandika programu iliyoitwa SIMPLE, na mwaka uliofuata Phyllis Fox na Alexander Pugh wakatoa toleo la kwanza la DYNAMO. Kitabu cha Forrester, Industrial Dynamics, kilichotoka mwaka 1961, kiliieneza lugha hiyo ya milinganyo nje ya MIT.

3.0 Hatua ya Muda

Katika DYNAMO kila kiasi kiliandikwa pamoja na alama ya wakati wake: J kwa wakati uliopita, K kwa wakati uliopo na L kwa wakati ujao. Umbali kati ya nyakati hizo uliitwa DT. Alama hizo zilimlazimisha mwandishi wa modeli kukumbuka kwamba kompyuta haifuati muda unaotiririka bila kukatika, bali huruka kutoka hatua moja hadi nyingine.

Athari ya mruko huo huonekana katika mfano mdogo. Chukua mlimbiko usioingiziwa kitu, ambao hupoteza robo ya kiasi chake kwa wiki, yaani wenye ucheleweshaji wa wiki 4. Kihisabati, mlimbiko huo hupungua taratibu bila kufika chini ya sifuri. DT ikiwa wiki 4, kompyuta huumaliza wote kwa hatua moja. DT ikiwa wiki 6, mlimbiko huanguka chini ya sifuri, kisha hupanda na kushuka huku ukififia. DT ikiwa wiki 8, huyumba bila kukoma, na ikizidi hapo mayumbo hukua bila kikomo. Mtafiti asiye makini anaweza kuyaona mayumbo hayo akadhani amegundua mzunguko wa uchumi, ilhali amegundua kosa lake mwenyewe. Hivyo basi kukawa na kanuni ya kuteua DT iliyo ndogo kuliko nusu ya ucheleweshaji mfupi kabisa katika modeli, na desturi ya kuigawa DT kwa mbili na kuigiza upya. Matokeo yakibadilika kwa kiasi cha maana, hatua ya awali ilikuwa kubwa mno.

Programu za baadaye ziliongeza mbinu ya Runge-Kutta, ambayo hupunguza kosa la ukokotoaji pale mabadiliko yanapokuwa laini. Hata hivyo, mbinu hiyo haifai pale modeli inapokuwa na mishtuko ya ghafla au maamuzi ya ndiyo na hapana, kwa kuwa hudhani kwamba mtiririko haukatiki.

4.0 Mgogoro wa 1972–1977

Mwezi Juni 1970 Forrester alihudhuria mkutano wa Klabu ya Roma mjini Bern, na aliporejea aliandaa modeli ya dunia nzima. Timu ya MIT iliyoongozwa na Dennis Meadows iliipanua kazi hiyo na kujenga World3, na mwaka 1972 kikatoka kitabu The Limits to Growth. Katika uigaji wake wa msingi, idadi ya watu na uzalishaji wa viwanda vilikua, vikapita uwezo wa dunia, kisha vikaporomoka kabla ya mwaka 2100.

Mwaka 1973 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, wakiwemo Christopher Freeman, Marie Jahoda na Sam Cole, walijibu kwa kuziendesha modeli zenyewe. Walipoingiza dhana ya maendeleo endelevu ya teknolojia, mporomoko uliweza kuepukwa. Watetezi wa World3 walisema kwamba dhana hiyo ndiyo iliyopaswa kuthibitishwa. Cole alishiriki pia katika jaribio la kuiendesha modeli kinyumenyume kuelekea miaka iliyopita, na matokeo yakawa ya ajabu. Hapa ukosoaji ulikuwa na udhaifu wa kihisabati: njia zinazokutana muda unapokwenda mbele hutawanyika muda unaporudishwa nyuma, hivyo kosa dogo la leo huwa kubwa mno katika jana iliyokokotolewa.

Uchunguzi wa Vermeulen na de Jongh ulikuwa na uzito zaidi. Walionyesha kwamba kubadilisha vigezo vichache vya World3 kwa asilimia 10 kulitosha kuubadilisha sana mwelekeo wa matokeo. Swali halikuwa tena iwapo modeli ni sahihi au si sahihi, bali ni vigezo vipi vinavyobeba hitimisho lake. Aidha, ripoti kamili ya kiufundi ya World3 ilichapishwa mwaka 1974, miaka miwili baada ya kitabu kilichoandikiwa umma. Mjadala ulitangulia ushahidi, na jambo hilo liliidhuru taaluma.

5.0 Majaribio Yaingizwa Ndani ya Programu

Mwaka 1980 Forrester na Peter Senge walipanga majaribio ya kujenga imani katika modeli. Miongoni mwake ni ukaguzi wa vipimo na jaribio la hali za kupindukia, ambalo huuliza, kwa mfano, iwapo kiwanda kisicho na malighafi bado huzalisha.

Miaka mitano baadaye STELLA ya Barry Richmond ilimwezesha mtumiaji wa Macintosh kuchora milimbiko na mitiririko, huku programu ikimwandalia umbo la milinganyo. Wigo wa wajenzi ulipanuka, lakini urahisi huo ulikuja na hatari yake, kwa kuwa mchoro nadhifu huweza kuficha dhana dhaifu. Vensim ya kampuni ya Ventana Systems ilielekeza nguvu kwenye uchunguzi. Iliweza kukagua vipimo vya kila mlinganyo, kufuatilia visababishi vya badiliko, kuigiza mara nyingi kwa vigezo vilivyoteuliwa kinasibu, na kutafuta thamani za vigezo zinazokaribiana na takwimu. Mwaka 1994 David Peterson na Robert Eberlein walieleza mbinu ambayo kwayo mtumiaji huandika kauli zinazopaswa kuwa kweli daima, na programu huijaribu modeli dhidi yake.

Miongoni mwa mbinu hizo, ulinganishaji na takwimu ndio unaohitaji tahadhari kubwa zaidi. Mifumo miwili yenye miundo tofauti inaweza kutoa mchoro uleule wa miaka iliyopita, kisha ikaachana kabisa mara sera inapobadilishwa. Kuufuata mstari wa takwimu kwa karibu, kwa hiyo, hakuthibitishi kwamba muundo ni sahihi.

6.0 Hitimisho

Mabishano hayo hayakuishia Marekani na Uingereza. Tathmini ya uchumi wa kijani ya Kenya, iliyochapishwa mwaka 2014, iliegemea modeli ya T21-Kenya, inayotokana na kazi za Millennium Institute, kulinganisha njia mbalimbali za uwekezaji. Mwaka 2015 kiwango cha XMILE kiliidhinishwa ili modeli iliyojengwa katika programu moja iweze kufunguliwa katika nyingine, jambo linalowarahisishia wakaguzi kazi ambayo wasomaji wa 1972 hawakuiweza.

Historia hii inaonyesha kwamba kila mbinu ya juu ni jibu kwa kosa lililowahi kutokea au shaka iliyowahi kutolewa: kanuni ya DT ni jibu kwa mayumbo bandia, upimaji wa unyeti ni jibu kwa hitimisho lililoegemea vigezo vichache, na uwazi wa milinganyo ni jibu kwa umma ulioombwa kuamini kabla ya kuonyeshwa. Mtafiti anayeripoti mchoro wa matokeo bila kuripoti majaribio hayo anairudisha taaluma mahali ilipokuwa mwaka 1972. Wizara inayopokea modeli ina haki ya kuuliza, kabla ya kuuliza itakuwaje mwaka 2050, ni kigezo gani kikibadilika kidogo jibu litageuka, na nani amekipima.