Hojaji Inapovuka Lugha: Funzo Kutoka China

Wengi wetu tulio walimu wa lugha hudhani kwamba kutafsiri orodha ya maswali ni kazi nyepesi kuliko kutafsiri shairi. Historia ya upimaji wa nafsi nchini China yatuonyesha sivyo.

Mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa huko Ufaransa kipimo cha akili za watoto. Mwaka 1924, Lu Zhiwei alitoa kipimo hicho kwa Kichina, baada ya kukirekebisha kiwafae watoto wa kwao. Bwana huyu alikuwa mwanasaikolojia, na baadaye akasifika kwa uchunguzi wa matamshi ya Kichina cha kale.

Mwaka 1970, Mmarekani Richard Brislin alieleza njia ya tafsiri rejeshi: mfasiri wa kwanza huhamisha maneno, wa pili asiyeona asili huyarudisha, kisha nakala mbili hulinganishwa. Njia hii yafaa, lakini mrejeshaji hodari aweza kuficha kosa la mwenzake.

Mwaka 2013, Rachel Arnold, David Fletcher na Kevin Daniels walitoa huko Uingereza hojaji ya vipengele 23 kuhusu dhiki ziwapatazo wanamichezo kutokana na uendeshaji wa michezo. Makundi yake ni matano: malengo na maendeleo, mipango na huduma, timu na desturi zake, ufundishaji, na uteuzi. Kila dhiki hupimwa kwa wingi wake, ukali wake na muda wake.

Mfasiri wa Kichina hukabiliwa papo hapo na uchaguzi. Wataalamu husema *yingji*, neno ambalo kijana aliyelelewa viwanjani huenda asilielewe. Watu husema *yali*, yaani nguvu igandamizayo, kama sisi tusemavyo shinikizo. Tena kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa njeo. Muda uulizwao sharti utajwe waziwazi. Hata maneno yakishanyooka, kazi haijaisha: mwanamichezo amheshimuye kocha wake aweza kujibu kwa adabu badala ya ukweli. Ndiyo maana hojaji hujaribiwa kwa wanamichezo wenyewe, na majibu yakahesabiwa kuona kama makundi yale matano yangali yanasimama.

Kwetu nasi, dhiki, msongo na shinikizo si neno moja. Tukiombwa kutafsiri hojaji, tukumbuke kwamba neno lisilofaa humfanya mgonjwa aonekane mzima, naye akaachwa bila msaada.