Upweke wa Sauti Nyingi

Januari 1982, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, mwanamuziki Bruce Springsteen alikaa na gitaa, vipaza sauti viwili na mashine ya kaseti inayotoshea juu ya meza. Mashine hiyo, TEAC 144, ilikuwa na miaka michache tu sokoni. Ilikuwa na njia nne: unaimba kwenye ya kwanza, unarudisha mkanda nyuma, unapuliza harmonika kwenye ya pili huku ukijisikiliza, na kadhalika mpaka njia ziishe. Kazi iliyokuwa ikidai studio, fundi na bili ya kila saa iliweza sasa kufanyika chumbani usiku, umevaa kandambili.

Hakukusudia kutoa albamu. Alitaka tu bendi yake isikie nyimbo mpya, na kaseti yenyewe aliizungusha mfukoni bila hata kasha. Lakini bendi ilipozipiga studioni, nyimbo zilikataa: zilipata nguvu, zikapoteza yule mtu aliyekuwa akizisema kwa sauti ya chini. Mwisho ilitolewa kaseti ile ile, Septemba mwaka huo, kwa jina la Nebraska, baada ya mafundi kuhangaika sana kuihamishia kwenye santuri.

Wapo watakaosema safari ya muziki huu wa upweke ilianza mapema zaidi, London, Oktoba 1971, mwimbaji Nick Drake aliporekodi Pink Moon kwa usiku mbili tu: sauti, gitaa, na piano kidogo kwenye wimbo mmoja. Ni kweli kwamba waimbaji wengi wa leo wa indie folk, folk ya wasanii wanaojitegemea, humtaja Drake kabla ya Springsteen. Hata hivyo Drake alikuwa studioni, mbele ya fundi hodari, John Wood. Aliacha mfano wa namna ya kuimba. Kaseti ya Colts Neck iliacha kitu ambacho kijana asiye na fedha angeweza kukirudia nyumbani kwake.

Na vijana walikirudia. Mwaka 1994 Elliott Smith alitoa Roman Candle, albamu aliyoirekodi kwa mashine ya njia nne katika chumba cha chini ya nyumba, Portland, Oregon. Ukiisikiliza kwa spika za masikioni utadhani amekaa kando yako, anakunong'oneza mambo ambayo hajamwambia mtu. Sikiliza tena. Si Smith mmoja, ni wawili. Alikuwa na mazoea ya kuimba mstari ule ule mara mbili na kuzipandanisha sauti hizo. Kwa kuwa hakuna binadamu anayeimba sawasawa mara mbili, tofauti ndogo za pumzi na lafudhi hulainisha ukingo wa sauti, nayo huwa karibu zaidi kuliko sauti halisi ya mtu. Ule ukaribu tunaousifia ni ufundi, na kwangu mimi hilo halimpunguzii Smith chochote. Machi 1998 alisimama kwenye jukwaa la Oscar, amevaa suti nyeupe, akaimba "Miss Misery" mbele ya ukumbi uliojaa nyota wa filamu. Tuzo ikaenda kwa wimbo wa Titanic.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalo jambo la kulinganisha hapa. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo nchini Kongo, mwaka 1952, alifanya kinyume cha Smith: kwa kidole gumba na cha shahada, gitaa lake moja lilisikika kama mawili, bila kurudisha mkanda. Mwaka 1969 aliupeleka ustadi huo Newport, kwenye tamasha maarufu la folk la Marekani.

Sam Beam, mwalimu wa filamu aliyeishi Miami, naye alirekodi nyumbani kwa mashine ya njia nne, kama Smith. Nyimbo zake zikatolewa mwaka 2002 kwa jina la Iron & Wine na Sub Pop, kampuni iliyojulikana kwa kelele za Nirvana.

Kisa kinachosimuliwa kuliko vyote ni cha Justin Vernon. Mwishoni mwa 2006, bendi yake imevunjika na ini limemsumbua, alijifungia katika kibanda cha uwindaji cha baba yake, Wisconsin, wakati wa baridi kali. Kilichotoka ni For Emma, Forever Ago, ambayo aliitoa mwenyewe mwaka 2007 kwa jina la Bon Iver kabla ya kampuni ya Jagjaguwar kuisambaza mwaka uliofuata. Magazeti yalikipenda kisa hicho cha theluji kupita kiasi. Yalisahau kusema kwamba mle ndani kuna kwaya: Vernon alijirekodi tena na tena kwa sauti nyembamba ya juu, hadi mtu mmoja akajaa kibanda. Tarumbeta na filimbi zilipigwa na watu wengine.

Machi 2020 corona ilipokatisha ziara ya bendi yake, Big Thief, Adrianne Lenker naye alikimbilia kibanda cha chumba kimoja, magharibi mwa Massachusetts. Albamu ya songs ilitoka Oktoba mwaka huo, imerekodiwa kwa mkanda wa zamani, mvua na ndege wakisikika. Wanaokisimulia kisa hicho kama cha mtu aliyejitenga msituni humruka Philip Weinrobe, fundi aliyekuwa naye kibandani na kuitengeneza albamu pamoja naye.