Kura 157 na kitanzi cha Oregon

Wahenga walisema: wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao. Ni msingi mzuri wa kuendesha mambo ya nchi. Lakini je, wengi wapewe hata uamuzi wa nani afe na nani aishi? Juma hili, ndugu msikilizaji, tuangalie jimbo moja la Marekani ambalo limelijibu swali hilo kwa kura, tena na tena.

Jimbo la Oregon, kwenye pwani ya Pasifiki, lilikubali mwaka 1902 kwamba wananchi wakikusanya saini za kutosha wanaweza kupeleka sheria moja kwa moja kwenye sanduku la kura, bila kulisubiri bunge. Tangu hapo adhabu ya kifo imepigiwa kura katika chaguzi saba, na majibu hayakulingana.

Mwaka 1912 Gavana Oswald West, aliyeipinga adhabu hiyo, aliahirisha kuwanyonga wafungwa hadi wananchi waamue. Novemba wakaamua ibaki. Tarehe 13 Desemba watu wanne wakanyongwa siku moja katika gereza la Salem.

Katika uchaguzi ule ule wa 1912 wanawake wa Oregon walipewa haki ya kupiga kura. Suala liliporudi mwaka 1914, adhabu ilifutwa kwa kura 100,552 dhidi ya 100,395. Tofauti ni kura 157, yaani watu wa kujaza mabasi mawili matatu. Kwa tofauti ndogo hiyo, nani atasema kura za akina mama hazikuwa na uzito? Lakini wale wanne walikwisha kuzikwa.

Haikudumu. Baada ya Vita Kuu hofu ya uhalifu ilipanda, na mwaka 1920 wananchi wakairudisha adhabu. Baadaye kitanzi kiliachwa, kikaja chumba cha gesi. Mwaka 1958 jaribio la kuifuta lilishindwa kwa kura chache.

Agosti 1962 mtu mmoja aliuawa katika chumba hicho. Gavana wa wakati huo, Mark Hatfield, binafsi hakuipenda adhabu ya kifo, lakini aliiacha sheria ichukue mkondo wake. Novemba 1964 asilimia 60 ya wapiga kura wakaifuta. Siku mbili baadaye Hatfield aliwabadilishia hukumu wafungwa watatu waliokuwa wakisubiri kufa, wakapewa kifungo cha maisha. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyehukumiwa kwa mauaji ya mtoto. Basi asidhani mtu kwamba watatu hao waliponea wepesi wa makosa yao. Waliponea kalenda.

Mwaka 1978 adhabu ikarudishwa kwa kura. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya jimbo ikaitangua, kwa kuwa jambo la msingi liliachwa kwa jaji badala ya juri, yaani raia wanaoketi kusikiliza kesi. Mwaka 1984 wananchi wakairudisha tena, safari hii ndani ya Katiba, kwa asilimia 56 hivi ya kura.

Na baada ya kishindo chote hicho? Ni watu wawili tu waliouawa, mwaka 1996 na 1997, na wote wawili walikuwa wameacha wenyewe kukata rufaa. Mwaka 2011 Gavana John Kitzhaber, aliyeruhusu vifo hivyo viwili, alisema hataruhusu kingine. Desemba 2022 Gavana Kate Brown akawabadilishia hukumu wote 17 waliobaki. Hata hivyo maneno ya 1984 bado yamo katika Katiba.

Wanaoitetea adhabu hii wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Ndugu wa aliyeuawa hawakuombwa kura muuaji alipofika mlangoni, na sheria iliyopitishwa na wananchi haifai kufungiwa kabatini na gavana mmoja. Lakini historia ya Oregon inaonyesha jambo jingine. Wananchi wana haki ya kubadili mawazo, na ndiyo maana uchaguzi hurudiwa. Ushuru uliopandishwa mwaka huu unaweza kushushwa mwakani. Kiongozi aliyechaguliwa kwa makosa ataondolewa. Walionyongwa Desemba 1912 hawakuweza kurudishwa na kura 157 za mwaka 1914.

Wengi tuwape, ndiyo. Ila tuwape yale ambayo kesho, wakijuta, wataweza kuyarekebisha.