my.cnf

my.cnf ni faili la usanidi la seva za hifadhidata za MySQL na MariaDB kwenye mfumo wa uendeshaji wa Linux. Ni faili la maandishi ya kawaida. Seva hulisoma inapowashwa, hivyo badiliko lililoandikwa humo halianzi kufanya kazi hadi seva iwashwe upya.

Mahali na muundo

Katika Debian na Ubuntu faili hili hukaa kwenye /etc/mysql/my.cnf, na katika Red Hat kwenye /etc/my.cnf. Mara nyingi faili kuu huwa na mistari michache tu. Amri !includedir huielekeza seva kusoma mafaili mengine yaliyomo katika folda fulani, kwa mfano /etc/my.cnf.d.

Mipangilio hugawanywa katika makundi yenye majina ndani ya mabano ya mraba. Kundi la [mysqld] linahusu seva yenyewe, na [client] linahusu programu zinazounganishwa nayo. Mstari unaoanza na alama # ni maelezo tu.

Utaratibu wa kusoma

Kwa kawaida /etc/my.cnf husomwa kwanza, kisha /etc/mysql/my.cnf, na baadaye .my.cnf katika folda ya nyumbani ya mtumiaji. Mpangilio mmoja ukiandikwa mara mbili, karibu kila mara thamani iliyosomwa mwisho ndiyo hutumika. Kwa sababu hiyo msimamizi anaweza kuhariri faili moja asione badiliko lolote. Amri mysqld --verbose --help huonyesha orodha ya mafaili kwa utaratibu wake. Faili ambalo kila mtumiaji wa kompyuta anaruhusiwa kuliandika hupuuzwa kwa ajili ya usalama.

Thamani za awali

Mpangilio usipoandikwa popote, seva hutumia thamani iliyomo ndani ya programu yenyewe. Kwa mfano, innodb_buffer_pool_size, yaani kumbukumbu ya kuhifadhi data inayotumika mara kwa mara, huwa MB 128. Kiasi hicho ni kidogo kwa hifadhidata kubwa.

Vifurushi vya Ubuntu huweka bind-address kuwa 127.0.0.1, ili seva ipokee miunganisho kutoka kompyuta ileile tu. Mstari huo ukifutwa, seva hurudi kwenye thamani yake ya ndani na kusikiliza anwani zote za mtandao kupitia poti 3306. Hapo ulinzi unaobaki ni nywila na ukuta wa moto, kama upo.