Kwa nini bili ya stima ina mafuta ndani?

1/ Kila mjadala wa stima ukianza, kuna mtu atasema mitambo ya mafuta ifungwe kwa sababu inatunyonya. Mimi nasomea siasa, si uhandisi, lakini wacha tuangalie historia kwanza.

2/ Mwaka 2000 stima yetu nyingi ilitoka kwa mabwawa ya mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Mvua ikakosa, maji yakashuka, tukaingia mgao. Serikali ikakodi jenereta za dizeli haraka haraka. Na ukikodi ukiwa kwa shida, bei hupangi wewe.

3/ Tangu hapo mvuke wa Olkaria umekua na sasa unaongoza. Lakini mitambo ya mafuta kama Kipevu, Mombasa, bado iko. Mikataba mingine inalipa mtambo kwa kuwa tayari tu, hata usipowashwa. Ukiwashwa, gharama ya mafuta inakufuata kwa tokeni yako.

4/ Akiba ni bima, na bima lazima ilipiwe. Kwa hivyo anayekuahidi stima ya bei nafuu muulize mambo mawili: kiangazi kikija atawasha nini, na mkataba wake wananchi watausoma lini?